Kupumzika kwa Mchana

Mke wangu amenizidi umri kwa miaka miwili, na tangu anioe hajaniruhusu nisahau. Nasema anioe kwa makusudi. Mimi nilikwenda kwao kuziba bomba lililokuwa linavuja jikoni, na nilipomaliza nikakuta mambo yameshapangwa. Watu wote mtaani wananiita Mzee Koki kwa sababu ya kazi hiyo ya bomba. Yeye peke yake ananiita Kijana. Nimekaribia miaka tisini, goti moja limegoma, masikio yanasikia yanachotaka, na bado kila asubuhi naambiwa, "Kijana, vaa soksi." Yeye hiyo tisini ameshaipita. Majirani wanamwita Bi Mkubwa, watoto wanamwita Mama, mimi namwita Bibie. Tukigombana simwiti kitu.

Siku ile alikuwa sebuleni anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu nasikiliza redio, ingawa kusema kweli starehe yangu ni kumsikiliza yeye, maana Bibie hubishana na msomaji wa habari. Yule akisema hali ya maisha imekuwa nafuu, Bibie atamuuliza, "Kwa nani?" Akisema mheshimiwa fulani amefungua mradi wa maji, Bibie atasema, "Njoo ufungue na koki yangu tuone." Ndivyo tunavyosikiliza habari nyumbani kwetu. Siku hiyo msomaji alisoma mwanzo mpaka mwisho na hakujibiwa neno. Nikageuka. Amekaa, shati langu liko mapajani halijakunjwa, na jasho linamtiririka huku feni inazunguka.

"Vipi, Bibie?"

"Nimechoka tu."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Nimechoka, na tumbo limenichafuka."

Nikamwambia ni maharage ya jana, nikaenda kumchemshia maji ya tangawizi. Bahati nzuri binti yetu mkubwa akaingia. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, na hadi leo kila mtu anamwita Mwalimu, hata mdogo wake wa tumbo moja. Alimtazama mama yake anavyovuta pumzi fupi fupi, akamshika mkono, akasema, "Tunakwenda hospitali." Nikamweleza habari ya maharage. Tayari alikuwa anamtafutia mama yake viatu.

Mimi ugonjwa wa moyo nilikuwa naujua kwa kusimuliwa: mtu anashika kifua, anaanguka, watu wanakimbia huku na huku. Bibie hakushika kitu. Alishikwa bega na Mwalimu, akapelekwa garini polepole, na njiani akawa ananong'ona kwamba nguo zilizobaki nisizikunje mimi kwa sababu nazikunja kama matambara. Mtu anayeweza kunisema hivyo, nikajiambia, ana ugonjwa gani huyo?

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, miwani ameipandisha kichwani, na sauti yake ilikuwa nzito ya kuyafikia masikio yangu, kwa hilo nilimshukuru. Kesho yake alitukusanya kwenye korido: mimi, Mwalimu, na mdogo wake tunayemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango, ingawa naye sasa ana mvi na anaendesha lori. Kitu cha kwanza walichofanya watoto wangu ni kuniletea kiti. Ukishazeeka watu wanaanza kukuletea kiti, halafu wanaongea juu ya kichwa chako.

"Bibi amepata mshtuko wa moyo," alisema daktari. "Mshipa mmoja unaolisha moyo umeziba karibu wote."

"Lakini kifua hakikumuuma," nikasema kutoka chini kule.

Daktari akainama mpaka tukatazamana. "Mzee, kwa watu waliokula chumvi nyingi moyo mara nyingi haupigi kelele. Unachosha tu. Unabana pumzi, unatoa jasho, unachafua tumbo. Ndugu wanadhani ni uzee, au ni chakula."

Nikatazama sakafu. Hapo hapo akaongeza kwamba kuanzia leo chumvi marufuku, nami nikajiuliza mbona lugha hii inampongeza mtu kwa kuila na daktari anamnyang'anya.

Akatueleza njia zilizopo. Ya kwanza ni dawa peke yake, za kuzuia damu isigande na za kuupunguzia moyo kazi. Walishampa tangu jana, lakini pumzi ilikuwa bado inambana na vipimo havikutulia. Njia ya pili ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mkono, pale kwenye kifundo kiganja kinapoanzia, uende mpaka moyoni, wapanue palipoziba na kuacha hapo kiwavu kidogo cha chuma cha kushikilia.

"Kiwavi?" nikauliza. "Mnamwekea mke wangu kiwavi moyoni?"

"Kiwavu, Baba," akasema Mwalimu. "Wavu mdogo."

Kitinda akacheka, halafu akaona si mahali pake. Akaniambia kwa upole, "Lakini Baba, si wewe mwenyewe husema bomba kuukuu usiliguse?"

Ni kweli nasema hivyo, na nimewaambia wateja wengi. Bomba lililoliwa na kutu linashikiliwa na kutu hiyo hiyo. Ukilikwangua hapa, litavujia pale, na utafukua ukuta mzima. Daktari alipoanza kueleza habari ya mrija nilimwelewa kuliko wote waliosimama pale, na ndiyo sababu nilikishika kile kiti kwa mikono miwili.

"Mshipa si bomba, Mzee," alisema daktari. "Una uhai, unajiponya. Lakini hofu yako ina msingi. Anaweza kutoka damu. Figo zinaweza kulemewa na dawa tunayotumia kuona njia. Na siwezi kukuahidi kwamba tutamwongezea miaka. Tunachotafuta ni avute pumzi vizuri na asipigwe tena upesi. Umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu matibabu. Nimewafungulia wakubwa kuliko yeye wakarudi nyumbani kwa miguu yao, na wapo ambao hawakurudi. Mimi napendekeza tumfungulie. Ila mwenye mwili ni yeye, kwa hiyo naenda kumuuliza."

Chumba alicholazwa kilikuwa hakipokei kundi. Wakaingia daktari na watoto wawili, mimi nikaachwa na kiti changu. Mwisho wa korido palikuwa na sinki, na koki yake ilikuwa inadondosha maji, ti, ti, ti, ugonjwa wa kipete cha mpira tu, kitu cha kufumba na kufumbua. Nikanyanyuka nikaitazame. Nesi aliyekuwa anapita akasema, "Babu, usiguse." Nikarudi kukaa nikiwa na hasira za watu wawili.

Walipotoka, macho ya Mwalimu yalikuwa mekundu.

"Mama amekataa," alisema. "Amemwambia daktari, mwanangu, nimechoka, niacheni nipumzike."

Sasa hapa lazima nieleze, kwa sababu hapa ndipo vita vilipoanzia. Sisi hatupendi kuyataja mauti kwa jina lake. Mtu akifa tunasema ametutoka, ametangulia, amelala. Tunasema amepumzika. Lakini mtu akishiba mchana, akavua viatu akajinyoosha, naye tunasema amepumzika. Neno ni lile lile, na anayelisikia ndiye anayechagua. Na Bibie, kila siku baada ya chakula cha mchana, miaka yote niliyoishi naye, hukusanya vyombo, hufunga mlango wa jikoni na kutangaza, "Nimechoka. Niacheni nipumzike." Hata tukiwa wawili tu ndani ya nyumba anasema niacheni. Analala, anaamka, anadai chai.

"Anataka kulala," nikawaambia. "Hajalala vizuri tangu jana, mashine zinapiga kelele. Mama yenu anasema maneno hayo kila mchana."

"Baba, hapa ni hospitali," alisema Kitinda.

"Kwani hospitalini mchana hauingii?"

"Baba." Mwalimu alichuchumaa mbele yangu kama anamfunga mtoto wa darasa la kwanza kamba za viatu. "Alinitazama. Alikuwa anajua anachosema. Hata mimi sitaki, lakini tusimlazimishe."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," nikamwambia. "Nyinyi mmelala tumboni mwake mkatoka. Mimi ndiye niliyelala ubavuni."

Nilisema kwa sauti, na korido nzima ilisikia. Daktari alikuwa bado hajafika mbali, akarudi. Nilidhani anakuja kunikaripia kama yule nesi. Akasema, "Mzee, mimi nilimuuliza kwa maneno ya hospitali. Sasa hivi amelala. Kesho asubuhi njoo umuulize kwa maneno ya nyumbani. Umuulize tu, usimwamrishe. Atakachonijibu baada ya hapo ndicho nitakachofanya."

Jioni hiyo Kitinda alinirudisha nyumbani, akataka kukaa nami, nikamfukuza. Nilikuwa natamani kuwa peke yangu nimkasirikie kila mtu vizuri. Nguo zilikuwa bado pale kwenye kochi, nusu zimekunjwa, nusu rundo. Nikachukua shati nikalikunja, likawa tambara kweli. Nikafungua redio. Yule msomaji akasema uongo wake wote, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemuuliza kitu. Nikajaribu mimi. Akasema bei zimeshuka, nikamwambia, "Kwa nani?" Sauti yangu ikanirudia kutoka ukutani, nikazima.

Wacha niseme wazi. Nilimtamani mke wangu jioni ile kuliko nilivyomtamani nilipokuwa kijana wa kweli. Wakati ule nilikuwa namtaka na sijui ninachokitaka. Sasa nilikuwa najua kila kitu: anavyokohoa kabla ya kusema jambo baya, anavyosukuma mlango kwa nyonga mikono ikiwa na vyombo, miguu yake ya baridi anayoileta kwangu bila kuomba ruhusa. Nilikaa upande wake wa kitanda nikamwambia Mungu sina ombi refu. Nilitaka arudi hapa ndani anisumbue. Hayo mengine yote nilikuwa nayaacha.

Asubuhi niliingia peke yangu. Alikuwa ameinuliwa kwa mito, mpira wa hewa umepita chini ya pua, nywele zake nyeupe hazijasukwa. Sijawahi kumwona mbele za watu hajasuka nywele. Juu ya mashine mstari wa kijani ulikuwa unarukaruka unavyojua wenyewe.

"Kijana," alisema. "Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo."

Alikuwa anavuta hewa kati ya neno na neno. Mikono yangu ikaanza kutetemeka, na sikutaka aione, nikaikalia.

"Bibie, nina swali."

"Uliza."

"Ulimwambia daktari unataka kupumzika."

"Nilimwambia."

"Kupi? Kule kwa mchana, au kule kwa moja kwa moja?"

Nilikuwa nimelipanga swali hilo njia nzima, na nilijisifu kwamba limetoka sawasawa. Bibie alinitazama. Alinitazama usoni, akashuka mabegani, akashuka mpaka pale kwenye kiti nilipoificha mikono, akapanda tena.

"Kwa mchana," alisema. "Kwa mchana tu, Kijana. Mwite huyo binti daktari."

Nilitoka mle ndani kama mtu aliyeshinda kesi. Sikuwaamkia watoto. Nikawaambia tu, "Nilisema nini?" Daktari aliingia akamuuliza mwenyewe, akarudia kumuuliza kwa namna nyingine, akatoka akasema, "Amekubali kwa kinywa chake." Mwalimu alinikumbatia. Nakumbuka alinikumbatia kwa nguvu sana, nami nikaona ni aibu ya kushindwa.

Walimpeleka akiwa macho. Kitanda kilipita mbele yetu kwenye magurudumu, akatuaga kwa kope. Nilikaa kwenye benchi nikamwomba Mungu kwa maneno ambayo mengine hayafai kanisani wala msikitini. Nilikuwa nasikiliza, kama bomba lingepasuka mahali fulani nyuma ya ukuta ningelisikia. Daktari alipotoka barakoa ilikuwa imeshushwa kidevuni, akasema, "Umefunguka." Nikataka kusimama nimpe mkono, goti likakataa, akainama yeye.

Msidhani mambo yakaisha hapo kama kwenye hadithi. Mkono ulivilia damu mpaka kwenye kiwiko. Figo zikagoma siku kadhaa. Akaanza kuweweseka, kitu ambacho daktari alisema kinawapata wazee wengi wakilazwa, na katika kuweweseka huko akawa hanijui. Alimuuliza nesi kama yule kijana wa bomba ameshaondoka. "Msimwache aondoke kabla hajanywa chai," alisema. "Dada, mzuieni mlangoni." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika sufuria ya uji, nikamwambia sijaondoka. Akanitazama kwa adabu kama anavyotazamwa mzee wa watu, akaniamkia shikamoo.

Akili ikarudi. Figo zikarudi. Pumzi, ndiyo iliyorudi vizuri kuliko vyote. Siku tuliyomtoa alitembea kutoka mlangoni mpaka garini, ameegemea huku na huku, na daktari alisimama kwenye ngazi akimtazama kama mtu anayetazama kazi ya mikono yake. Hata mimi enzi zangu nikimaliza mabomba ya nyumba nilikaa kidogo nikasikiliza maji.

Lakini aliyerudi nyumbani hakuwa yule aliyetoka. Dawa za asubuhi, dawa za usiku, chakula kisicho na chumvi ninachokipika mimi na ambacho hata mimi nakionea huruma. Mwalimu anakuja kumwogesha. Bibie anakaa kitandani zaidi ya anavyokaa sebuleni. Redio ikisema, yeye huinua kidole kimoja tu, na mimi nisome kwenye hicho kidole ni nini angesema. Akijitahidi sana anasema, "Kiwavi changu kimechoka leo." Nilikuwa nimerudishiwa mke wangu, na bado nilikuwa namkosa. Nilikuwa namkosa nikiwa nimemshika mkono. Watu hawakuambii hilo hospitalini. Wanakuambia amepona, na kweli amepona.

Mimi ni mtu wa maneno, na furaha yangu niliitoa kwa maneno. Mwalimu akija, sikumpa nafasi. "Mwalimu mzima," namwambia, "umefundisha watoto ufahamu miaka yote, wewe mwenyewe ukafeli. Mama anasema anataka kulala, wewe unamchimbia kaburi." Alikuwa anacheka. Nyakati nyingine alikuwa ananiomba nirudie, "Ehe Baba, tena, nilifelije?" nami narudia kwa vikorombwezo. Majirani walikuja kumwona mgonjwa, nikawasimulia mbele yake. Mshindi hawezi kukosa watu wa kumsikiliza.

Jumapili moja mchana walikuwapo wote wawili, Mwalimu na Kitinda. Mwalimu alikuwa ametoka kumwogesha mama yake na mikono ya gauni lake ilikuwa bado imelowa. Nikaanza wimbo wangu. Safari hii sikuona akicheka. Aliweka kikombe mezani, chai iko nusu, akachukua mkoba, akasema, "Kwaherini," akaondoka. Kitinda akanitazama kwa namna ambayo watoto hawamtazami baba yao, akamfuata dada yake.

"Kijana," Bibie aliita kutoka chumbani. "Njoo."

Nikaenda. Mlango ulikuwa wazi, alisikia yote.

"Umemuudhi mtoto."

"Namtania."

"Utani una mwisho wake. Mpigie simu umwombe radhi."

"Kwa lipi? Si alisikia vibaya?"

Bibie alikohoa kidogo. "Alisikia sawasawa," alisema.

Nilidhani ni masikio yangu. Nikamwomba arudie, akarudia polepole, anavuta hewa na kuiachia.

"Nilisema nimechoka, na nilikuwa nimechoka. Nilisema niacheni nipumzike, na nilikuwa nataka kule kwa moja kwa moja. Mwanangu alinisikia. Akalia, akanyamaza, hakubishana na mimi. Sijui kama ningeweza kumfanyia hivyo mama yangu."

Nikakaa kwenye ncha ya kitanda. Sikukaa kwa kupenda.

"Mimi nilikuja kukuuliza," nikasema. "Nilikuuliza wazi, kupi. Ukaniambia kwa mchana."

"Ulikuja umekalia mikono, kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikajiuliza, huyu nikimjibu kweli, atatokaje humu ndani? Kuna korido ndefu, kuna ngazi. Nikaona hufiki."

Nilikasirika. Wengine wangelia, mimi nilikasirika kwanza, ndivyo nilivyo. Nikamwambia, "Kwa hiyo umebaki kwa kunihurumia."

"Watu wamebaki kwa sababu mbaya zaidi."

"Unajuta?"

Alifikiri. Bibie hasemi uongo ukimuuliza jambo moja kwa moja, isipokuwa ile mara moja. "Jana nilijuta," alisema. "Mnaponigeuza, mnaponivua nguo, najuta. Halafu nakusikia jikoni unaimba huku unaunguza kitu, najikuta naacha. Leo sijajuta."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira ukutani kwetu, na siku nyingine ningetoka kuwafukuza.

"Sasa nisikilize," alisema. "Itakuja tena. Yule binti ameniambia kiwavi chake kizuri, lakini moyo ni ule ule wa zamani. Itakapokuja, utakuja kuniuliza, nakujua. Uniulize kama mtu anayeweza kujibiwa. Huenda nitasema nifungulieni tena, huenda nitasema basi. Lakini nataka nijibu la kwangu, Kijana. Nisijibu la kwako."

Nilikwenda sebuleni nikampigia Mwalimu. Akapokea.

"Shikamoo, Baba." Sauti ilikuwa ya ofisini.

"Marahaba. Mama yako ananiambia ulisikia sawasawa."

Nikasikia mlango unafungwa huko kwake.

"Najua, Baba."

"Sasa mbona hukunibishia muda wote huu? Nakucheka mbele za watu, na wewe unacheka."

"Nilikuwa natamani iwe kweli nilikosea," alisema. "Kila uliponicheka nilikuwa najiambia, labda Baba ndiye anayejua, labda nilisikia vibaya. Nilikuwa nafurahi, Baba. Ndiyo maana nilikuwa nakuomba urudie." Akapenga kamasi. "Leo nimemwogesha, nikamwona mgongo wake ulivyobaki mifupa. Nikajua sikukosea."

Nikamwomba radhi. Sina uzoefu na kitu hicho, nilikifanya kwa kukwamakwama, na yeye akanisubiri kama anavyosubiriwa mtoto anayejifunza kusoma. Mwisho akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula.

Nikarudi chumbani. Jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye shuka, na Bibie alikuwa macho, ananingoja. Nikajiambia nisingoje hospitali, nianze sasa, nifanye mazoezi kama mtu anayejifunza baiskeli uzeeni. Nikavuta kiti, nikakaa mgongo wima, mikono nikaiweka juu ya magoti mbele yake aione. Ilikuwa imetulia kidogo. Nilikuwa na hamu naye kiasi kwamba hata kumtazama kuliniuma, na yuko hapo, naweza kumgusa.

"Bibie."

"Naam."

Swali ni fupi, mnalijua: kupi? Nilifungua mdomo, likafika kwenye meno, likakaa hapo. Kidevu kikaanza kucheza. Bibie alinyoosha mkono wake, ule wenye kovu dogo kwenye kifundo, akanishika kidevu mpaka kikatulia.

"Bado," alisema. "Uso wako bado. Tutajaribu tena kesho."

Nikamwambia kesho sina nafasi, nina kazi. Akanitazama, mimi niliyeacha kazi kabla wajukuu hawajazaliwa, akafikiri kidogo.

"Basi keshokutwa," alisema.